Taa Imewaka, Lakini Njia Haijapita: Kisa cha Kubadili Kebo ya Shaba kwa Faiba Hospitalini

Mazingira

Hospitali ya kisa hiki iko Kanda ya Ziwa, Tanzania. Jina lake, mji wake na majina ya waliohusika nimeyaondoa. Mimi niliitwa kama mpimaji wa nje. Sikujenga wala sikuuza kifaa chochote pale. Kazi yangu ilikuwa kusema kama njia mpya ya data ipokelewe au irudishwe kwa mkandarasi.

Jengo la mionzi, lenye mashine ya CT, liko kama mita 170 kutoka chumba cha seva. Ethaneti ya shaba, yaani kebo ya kawaida ya mtandao, mwisho wake ni mita 100, ukijumlisha na kebo fupi za pande zote mbili. Waliotangulia walitatua hilo kwa kuikata njia katikati: kebo moja hadi banda la walinzi, swichi ndogo (kifaa cha kuunganisha kebo za mtandao) ikawekwa juu ya kabati la funguo, kisha kebo nyingine hadi mionzi. Swichi hiyo pia ililisha umeme kamera ya getini na simu ya walinzi kupitia kebo ile ile ya data. Jambo hilo halikuwa kwenye mchoro wowote, na litarudi baadaye kutusumbua.

Malalamiko yalikuwa mawili. Picha za CT zilichelewa kufika kwa madaktari, na kila msimu wa mvua poti za swichi (matundu ya kuchomekea kebo) zilikufa, safari nyingine swichi nzima. Anayeijua Kanda ya Ziwa anaijua radi yake.

Uongozi ulikuwa umeshaamua: tuweke faiba, kebo inayopitisha data kwa mwanga ndani ya nyuzi za kioo, kwa sababu faiba ina kasi. Uamuzi ulikuwa sahihi kwa sababu isiyo sahihi. Ndani ya kioo mwanga husafiri kilomita kama 200,000 kwa sekunde, na mawimbi ya umeme ndani ya kebo nzuri ya shaba hukimbia karibu mwendo huo huo. Kwa mita 170 hakuna daktari atakayeona tofauti. Faida ya faiba iko kwenye wingi wa data inayobeba, kwenye umbali, na zaidi ya yote pale hospitalini, kwenye kutopitisha umeme.

Kwanza tuliipima kebo ya zamani

Niliomba tusichimbe mtaro kabla ya kujua kebo iliyopo inaumwa nini. Mkuu wa TEHAMA aliona ni kupoteza muda, maana kebo yenyewe inang'olewa. Lakini usipojua ugonjwa, utapimaje kama dawa imefanya kazi?

Swichi ya mionzi ilionyesha njia inafanya kazi kwa megabiti 100 kwa sekunde, ilhali kila mtu aliamini ni gigabiti 1. Gigabiti kwenye shaba inahitaji jozi zote nne za nyaya. Megabiti 100 inatosheka na jozi mbili. Jozi ya kahawia ilikuwa imeoza kwenye kichwa cha kebo pale banda la walinzi, na swichi ilishuka yenyewe bila kumwambia mtu. Taa ya kijani iliendelea kuwaka kama kawaida.

Hesabu ya picha ikawa rahisi. Kipande kimoja cha CT cha nukta 512 kwa 512, kila nukta baiti mbili, ni karibu nusu megabaiti. Uchunguzi wa vipande 1,000 unafika megabaiti 500 na ushee. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo kwa megabiti 100 hizo ni sekunde 42 hata kama hakuna pakiti (kifungu kidogo cha data) inayopotea. Kwa gigabiti 1 ni sekunde 4 na kidogo. Na pale pakiti zilikuwa zinapotea, zinatumwa upya, kwa hiyo kusubiri kulikuwa kwa dakika.

Tukapima ukinzani wa waya. Cat6, daraja la kebo ya mtandao, ikiwa ya shaba halisi na yenye urefu wa mita 85, husoma kama omu 11 au 12 kwa mzunguko wa kwenda na kurudi. Yetu ilisoma zaidi ya 17. Nilichukua wembe nikaukwangua waya mmoja: ngozi ya juu nyekundu, ndani weupe mtupu. Alumini iliyopakwa shaba. Boksi lililobaki stoo lilikuwa limeandikwa Cat6 kwa herufi kubwa, na risiti ilisema hivyo hivyo. Kebo hizo zimejaa madukani, na viwango vya kimataifa vya kebo za mtandao haviziruhusu kabisa.

Kwa hiyo ulinganisho uliokuwa vichwani mwa watu, shaba dhidi ya faiba, haukuwa wa haki. Kwenye njia hiyo hospitali haikuwahi kuwa na shaba.

Kwa nini hatukununua shaba nzuri tu

Swali hili liliulizwa na mhasibu, na lilistahili jibu. Kwa kasi peke yake, Cat6 ya kweli iliyofungwa vizuri ingemaliza tatizo la CT siku ileile. Kilichoshinda hoja ni radi. Kila jengo lina mfumo wake wa kutuliza umeme ardhini. Radi ikipiga karibu, ardhi ya jengo hili na ardhi ya jengo lile hutofautiana volti nyingi kwa muda mfupi sana, na kebo ya metali inayoyaunganisha inakuwa njia ya umeme huo kusawazika. Unapita kwenye poti za swichi. Kioo hakipitishi.

Tulichagua faiba ya singo-modi (yenye kiini chembamba kinachopitisha mwanga kwa njia moja), kiwango cha OS2, yenye nyuzi 12. Malti-modi (yenye kiini kinene zaidi) ya kiwango cha OM3 ingetosha, maana kwa gigabiti 10 inafika mita 300. Lakini singo-modi ndiyo inayopatikana kila mji siku hizi kwa sababu ya intaneti ya majumbani, mafundi wanaoweza kuichomelea ni wengi, na haitadai kuchimbwa upya kasi ikipanda. Moduli, yaani vipande vinavyochomekwa kwenye swichi ili kutuma na kupokea mwanga, zikawa za gigabiti 10 aina ya LR, zinazotumia mwanga wa nanomita 1310.

Kwenye ganda la nje tulibishana. Chemba za hospitali zina panya, na mkandarasi alileta kebo yenye utepe wa chuma chini ya ganda. Ni kinga nzuri ya panya, lakini utepe huo ukiingia hadi kwenye kabati pande zote mbili umerudisha metali ileile tuliyotaka kuiondoa. Tulikubaliana utepe ukatwe nje ya kila jengo, uunganishwe na waya wa ardhini upande mmoja tu, na kutoka hapo ndani iingie faiba isiyo na chuma.

Kitu kimoja tulikataa kukibadili. Ndani ya chumba cha seva, kati ya swichi kuu na hifadhi ya picha, zilikuwepo kebo za shaba za gigabiti 10, zile zenye vichwa vya moduli vilivyoshikanishwa na waya, urefu mita 3. Uongozi ulitaka “faiba kila mahali.” Kwa umbali huo, ndani ya raki moja yenye ardhi moja, kebo hizo ni rahisi, hazili umeme wowote wa kutajika, na hazina uso wa kioo wa kushika vumbi. Tulipima kaunta zake za makosa, zote sifuri. Zimebaki.

Ripoti ya mkandarasi

Kazi ilipokamilika nilipewa ripoti nene. Kila uzi ulikuwa na mchoro wa OTDR, mashine inayotuma mwale mfupi wa mwanga na kusikiliza unaorudi, kisha kuchora mahali penye maungio, mikunjo na mwisho wa kebo. Michoro yote ilikuwa mizuri. Nyuzi zote 12 zimepita.

Moduli zikachomekwa, taa zikawaka kijani pande zote mbili. Fundi kijana wa mkandarasi alianza kukunja vifaa vyake.

“Injinia, njia ipo hewani,” akasema. “Tusaini?”

Nilimwomba asubiri, nikafungua ukurasa wa moduli ndani ya swichi. Moduli za kisasa hujisomea mwanga zinaotuma na zinaopokea. Upande wa seva ulikuwa unatuma desibeli-miliwati -2.3 (kipimo cha nguvu ya mwanga: kadiri namba inavyoshuka chini ya sifuri, ndivyo mwanga ulivyo hafifu). Upande wa mionzi ulikuwa unapokea -10.4. Tofauti yake, desibeli 8.1, ilipotelea mahali fulani ndani ya mita 200 za kebo.

Kabla ya kuja nilikuwa nimefanya hesabu ya upotevu unaoruhusiwa. Mita 200 za OS2, kwa kiwango cha juu cha desibeli 0.4 kwa kilomita, ni 0.08. Maungio mawili ya vichwa kwenye makabati, 0.75 kila moja, ni 1.5. Maungio mawili ya kuchomelea, 0.3 kila moja, ni 0.6. Jumla ni kama 2.2, na hizo ni namba za ukarimu. Fundi mzuri hupata chini ya 1. Sisi tulikuwa na 8.1. Kiwango cha LR chenyewe kimetengewa desibeli 6.2 kwa njia nzima.

“Lakini taa inawaka,” kijana akasisitiza, na alikuwa anasema kweli. Moduli nyingi hutuma mwanga mwingi kuliko kiwango cha chini cha -8.2, na kipokezi cha LR kinapaswa kumudu hadi -14.4. Kwa hiyo palibaki kama desibeli 4 za akiba mahali palipotakiwa kuwa na 10. Vumbi moja kwenye kiini chenye upana wa maikromita 9 linaweza kuila akiba hiyo siku yoyote, na siku hiyo mkandarasi hatakuwepo.

Tulipitisha data kwa kasi kamili dakika tano. Muda huo haukuchaguliwa ovyo: kiwango kinataka kosa lisizidi biti moja katika biti trilioni 1, na ili uwe na uhakika wa asilimia 95 unahitaji biti trilioni 3 zipite bila kosa, ambazo kwa gigabiti 10 ni kama sekunde 300. Hakukuwa na kosa. Tukaiacha ikipitisha usiku kucha, na asubuhi kaunta ilikuwa imekusanya makosa, machache, yaliyokuja kwa mafungu. Makosa ya namna hiyo yananifanya nifikirie mwanga unaorudi nyuma kuliko mwanga uliopungua.

Kichwa cha kijani ndani ya adapta ya buluu

Nilifungua trei ya kabati la mionzi. Adapta zote, yaani soketi zinazokutanisha vichwa viwili, zilikuwa za buluu. Nyuma yake, kwa ndani, pigteli zote (vipande vifupi vya faiba vyenye kichwa, vinavyochomelewa kwenye kebo) zilikuwa na vichwa vya kijani.

Buluu ni UPC: uso wa kioo umesuguliwa ukawa karibu bapa. Kijani ni APC: uso umesuguliwa kwa mshazari wa digrii 8, ili mwanga unaoakisiwa uelekezwe pembeni usirudi kwenye chanzo. Kila moja ni nzuri ikikutana na mwenzake. Zikikutana moja ya hivi na moja ya vile, nyuso hazigusani sawasawa, hewa inabaki katikati, na uso bapa unaotazama hewa hurudisha karibu asilimia 4 ya mwanga. Mwingine mwingi unapotea pembeni. Na kichwa cha kijani kinaingia kwenye adapta ya buluu vizuri kabisa, kinalia “tap”, hakuna kinachokuonya isipokuwa rangi.

Zilitoka wapi? Dukani. Mitandao ya intaneti ya majumbani hutumia APC, kwa hiyo pigteli za kijani ndizo zilizojaa. Faida ya kuchagua singo-modi, kwamba vifaa vyake viko kila mji, ilikuja na mtego wake.

Swali lililobaki lilinisumbua zaidi: ripoti ilipitaje? Jibu lilikuwa kwenye mashine ya OTDR yenyewe. Poti yake ilikuwa ya kijani. Mafundi walichomeka pigteli moja kwa moja kwenye mashine, kijani kwa kijani, kabla ya kuiingiza kwenye adapta. Mchoro ukatoka safi kwa sababu ungio bovu lilikuwa bado halijazaliwa. Juu ya hapo walipima kutoka upande mmoja tu, bila kebo ndefu ya kutangulia, na OTDR haioni kitu kilicho karibu sana na mdomo wake. Kwa hiyo hata ungio la kwanza la kawaida lisingeonekana.

Hakuna aliyedanganya. Walipima kebo, na kebo ilikuwa nzima. Hospitali ilinunua njia kutoka moduli hadi moduli, na hiyo haikupimwa na mtu.

Kupima njia nzima

Mkandarasi alikubali kukata pigteli zote na kuchomelea za buluu. Kabla ya kuanza alipendekeza tubadili adapta na kebo fupi ziwe za kijani, kazi ya dakika chache. Tulikataa kwa sababu moduli zenyewe ni UPC; kebo fupi ingelazimika kuwa kijani upande mmoja na buluu upande wa pili, na siku moja usiku mtu wa zamu angechukua ya kawaida iliyo karibu.

Safari hii upimaji ulifuata utaratibu mwingine. Kila kichwa kilitazamwa kwa hadubini, kikasafishwa, kikatazamwa tena. Kisha chanzo cha mwanga upande mmoja na kipima mwanga upande wa pili, baada ya kusawazisha sifuri kwa kebo moja ya rejea, ili vichwa vya makabati yote mawili vihesabiwe ndani ya kipimo. Tulipima kwa mwanga wa nanomita 1310 na wa 1550, ingawa mtambo unatumia 1310 peke yake. OTDR ilikuja mwisho, kutoka pande zote mbili, ikiwa na kebo ya kutangulia na kebo ya kumalizia.

Nyuzi 11 zilisoma chini ya desibeli 1. Wa nane ulisoma 0.7 kwa 1310 lakini 2.6 kwa 1550. Tofauti ya namna hiyo ina maana moja karibu kila mara: uzi umekunjwa kupita kiasi mahali fulani, kwa sababu mwanga wa mawimbi marefu hutoroka kwanza kwenye mkunjo. Tulichomeka kalamu ya taa nyekundu tukazima taa za chumba cha seva. Ndani ya trei, pale uzi ulipopita chini ya tai ya plastiki iliyokazwa kwa nguvu, palikuwa na alama nyekundu inayong'aa kama sigara gizani. Tai ikakatwa, uzi ukalazwa upya, kipimo cha 1550 kikashuka hadi 0.6.

Mkuu wa TEHAMA aliuliza kwa nini tulijisumbua na uzi wa akiba uliopita kwa mwanga unaotumika. Kwa sababu mkasi wa kukata tai ulikuwa mkononi, na trei ilikuwa wazi.

Matokeo

Njia ilipokelewa. Kipokezi cha mionzi kilisoma -3.1, na jaribio la usiku kucha halikuacha kosa hata moja kwenye kaunta. Wataalamu wa mionzi waliacha kulalamika, ingawa hapo napaswa kuwa mwangalifu: sehemu kubwa ya nafuu waliyoiona ingepatikana pia kwa shaba nzuri.

Asubuhi iliyofuata kuondolewa kwa swichi ya banda la walinzi, askari wa zamu alikuja hadi chumba cha seva.

“Vijana wangu, mmeniulia kamera ya getini. Na simu haina mlio.”

Faiba haibebi umeme wa kulisha kamera. Swichi ndogo ilipoondolewa, vifaa viwili vilivyokuwa vinakula kwake vilikufa njaa, na hakuna aliyekuwa ameviorodhesha. Tulivuta Cat6 ya shaba, ya kweli safari hii, kutoka jengo la karibu, ikiwa na kifaa cha kukinga radi pande zote mbili na swichi ya pekee isiyogusa mtandao wa mionzi.

Masika ilipokuja, radi ilipiga mara kadhaa karibu na uzio. Poti za faiba hazikuguswa. Kifaa cha kulisha umeme swichi ya mionzi kiliungua, kwa kuwa radi ilipita kwenye nyaya za TANESCO zinazoingia jengoni, na huko hatukuwa tumeweka kinga yoyote.

Kilichofanya kazi na kilichokwama

Kupima kebo ya zamani kulilipa mapema kuliko nilivyotegemea. Bila hapo, hospitali ingeamini kwamba faiba ndiyo iliyoharakisha CT, na siku nyingine ingeng'oa kebo nzima mahali pengine kwa kosa la kichwa kimoja kilichooza.

Hesabu ya upotevu iliyoandikwa kabla ya kuona kipimo ndiyo iliyookoa kazi. Ningekuwa nimesoma -10.4 bila kuwa na namba yangu mfukoni, ningeona kipo juu ya -14.4 nikasaini. Kipimo kilicho ndani ya mipaka ya moduli kinaweza kuwa mbali kabisa na kile ambacho kebo hiyo, kwa urefu huo, ilipaswa kutoa.

Mkataba ulikuwa dhaifu. Uliandika “faiba ipimwe kwa OTDR,” na mkandarasi alitimiza neno kwa neno. Haukutaja aina ya vichwa, haukutaja vipimo vitoke pande mbili, haukutaja kwamba kipimo kifanyike baada ya kila kitu kuchomekwa mahali pake. OTDR ni chombo kizuri cha kutafuta tatizo liko mita ngapi. Kwa kuamua kupokea kazi, chanzo cha mwanga na kipima mwanga ndivyo vinavyoleta namba inayofanana na ile moduli itakayoiona.

Orodha ya vifaa vinavyolishwa umeme kupitia kebo ingetengenezwa kwa kusoma ukurasa mmoja wa swichi ya walinzi. Haikutengenezwa kwa sababu kila mtu alikuwa anaangalia ncha mbili za njia na hakuna aliyeangalia katikati.

Kuhusu radi, mradi ulijibu nusu ya swali. Tatizo liliandikwa tangu mwanzo kuwa “poti zinakufa,” kwa hiyo poti zikaokolewa. Kinga ya umeme mkuu ilihesabiwa kuwa ya idara ya majengo, na idara ya majengo haikuwahi kuitwa kwenye kikao. Wakati naandika, kinga ya jengo la mionzi imeshafungwa, na mkataba mpya wa jengo la wazazi unataja rangi ya kila kichwa.